Betri Niliyoichomoa Ukingoni mwa Kreta

Mgeni wangu safari ile alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyekuja Tanzania peke yake. Nilimwendesha siku nne. Siku ya mwisho, tulipopanda kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro, alinipa kamera yake ya dijitali nimpige picha ukingoni. Nilipobonyeza, kamera ikaganda, taa yake nyekundu ikabaki inawaka na kuzima. Yeye alikuwa ameshageuka kutazama bonde. Nikachomoa betri, nikairudisha, nikampa kamera yake kama vile hakuna kilichotokea.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mapokezi ya hoteli, macho yamemvimba. Kadi ya kuhifadhia picha ilikuwa haisomeki. Picha zote za siku nne hazionekani.

"Kadi mbovu," alisema.

Nikampa pole.

Nikampeleka Karatu mjini, kwa dada mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Alipoiingiza ile kadi, kompyuta ikataka kuifuta na kuianzisha upya. Akakataa.

"Picha huenda bado zimo," alisema kwa Kiswahili. "Kilichoharibika ni orodha ya kuonyesha zilipo."

Akafungua programu ya kufufua picha, kisha akaniuliza bila kuondoa macho kwenye skrini, "Kaka, kuna mtu alichomoa betri kamera ikiwa bado inahifadhi picha?"

Mgeni akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza kama kamera ililowa maji," nikamjibu kwa Kiingereza.

Yule dada akaacha kuchapa. Sijui kwa nini sikufikiri kwamba mtu wa kompyuta Karatu, anayehudumia watalii kila siku, lazima ajue Kiingereza. Alinitazama usoni.

"Mwambie mwenyewe," alisema taratibu, kwa Kiswahili. "Mimi sitakusemea."

Tukasubiri. Siku zile umeme ulikuwa ukikatika ovyo, na taa ilipofifia mara moja, sote watatu tukaitazama. Ikarudi. Halafu picha zikaanza kutokea moja moja: pundamilia, viboko, faru kwa mbali kama jiwe. Zilirudi karibu zote. Ya mwisho, ile ya ukingoni, ilikuwa na kichwa cha mgeni tu. Chini yake kijivu kitupu.

Mgeni alikuwa anacheka na kufuta machozi. Hapo nikashindwa kuficha tena.

"Mama, kadi haikuwa mbovu. Ni mimi nilichomoa betri. Na huyu dada hakuuliza habari za maji."

Kicheko kikaisha.

"Kadi nilinunuliwa na binti yangu," alisema. "Jana usiku nilimpigia. Nikamwambia amenipa kitu cha ovyo kwa sababu hanijali. Alikuwa analia nilipokata simu."

Akauliza wapi atapata simu. Nikampeleka kwenye kibanda cha simu ng'ambo ya barabara, nikasimama kando ya gari. Kupitia kioo nilimwona akizungumza, akinyamaza, akiinamisha kichwa, akizungumza tena. Alipotoka, alikwenda kukaa kiti cha nyuma, si cha mbele alichokalia siku zote nne.

Tukashika njia ya uwanja wa ndege mpaka Makuyuni. Hapo aliomba maji, nikampa, akashukuru. Uwanja wa ndege alinipa mkono, akaniambia nimeendesha vizuri. Fomu ya maoni, ambayo kila mgeni hujaza kuhusu dereva wake, aliifunga kwenye bahasha ya bosi wangu. Bosi hakuwahi kunitajia kilichoandikwa, nami sikuthubutu kumuuliza.