Dadu Yangu Katika Kikapu cha Sadaka

Wenzangu, chekeni tu, maana hata mimi nikipita mbele ya lile kanisa la Vulamba huvuta kofia hadi puani, na kofia yenyewe watu wameshaijua.

Niliacha shule mapema nikawa mtu wa kuzunguka: nimeanika kakao Oicha, nimeuza ndizi barabarani Mbau, mpaka huko Beni nikamwona jamaa anamimina rezini (uji wa plastiki unaoganda kuwa kama kioo) kutengeneza vishikio vya funguo. Nikajifunza kwake, halafu kwenye simu nikagundua kuna watu wazima wanaokaa mezani, mmoja anajifanya mfalme, mwingine mchawi, wakitupa dadu ya pande ishirini ili wajue kama upanga umempata adui au umepata hewa, na dadu hizo wanazitaka za urembo. Mimi nikawa natia ndani punje ya kahawa na vumbi la kumetameta, nikapata mteja, mwanafunzi huko Kampala, nikahamia Butembo na kujiita fundi wa vito. Ndivyo nilivyomwambia hata baba yake Masika, mchumba wangu, yaani Mzee Kasereka, shemasi, ambaye Jumapili ile baada ya ibada angenipokea nyumbani aamue kama ninafaa kuleta mbuzi wa mahari.

Sasa, baridi ya Butembo haipatani na rezini. Asubuhi ile dadu moja ilikuwa bado inanata, nikaitia mfuko wa koti ili joto la mwili liikaushe wakati wa mahubiri (akili kubwa hiyo!). Kikapu kilipopita nikachomoa noti mfukoni humo, macho yote kwa Masika kwenye kwaya, nikaitupa, nikasikia ko! Noti ilikuwa imegandana na dadu.

Kwetu sadaka ya vitu hupigwa mnada palepale. Mzee Kasereka akauza kuku, akauza kabichi, kisha akainua dadu yangu kwenye mwanga wa dirisha, noti ikining'inia kama mkia.

"Na hii jiwe, nani ametoa?"

Nikatazama viatu vyangu.

Akasimama Chefu, mtumishi wa Serikali aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, ambaye hakuna aliyejua ofisi yake hasa, lakini kila kitu kilimhusu. Akaibana dadu kwa dole gumba.

"Hii ni madini! Ndani muko dhahabu. Shemasi, tutaenda ku bureau, utafasiria fasi umeitosha, ni mu shimo gani."

"Miye? Nimeitosha mu kikapo!"

"Ba-trafiquant bote banasemaka vile."

Yaani shemasi wetu sasa ni mfanya magendo! Masika, aliyezijua dadu zangu, akanikazia macho na kutamka bila sauti: simama.

Nikasimama. "Chef, hapana madini. Ni dé, dadu yangu. Ile ya kungaa ni vumbi ya kupamba kadi ya Noeli."

"Dé ya kufanya nini?"

Nikaeleza wafalme, wachawi, upanga, na kila nilipoeleza nikazidi kuzama, mpaka mama mmoja nyuma akauliza, "Batu bazima? Na mashamba yabo, nani analima?"

Kanisa lote likaangua kicheko. Chefu alitaka kuirudisha dadu kwa heshima, lakini ilikuwa imemnata kidoleni, akaikung'uta, akaikung'uta, noti ikachanika, dadu ikaruka na kutua miguuni pa mchungaji.

Mchana, nyumbani kwake, Mzee Kasereka akaiweka mezani.

"Kumbe vito ni hii. Donc, mutu akipata ishirini, anashinda?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi tupa. Ukipata ishirini, leta mbuzi."

"Mais Papa ni shemasi, na hii ni kama kamari..."

"Hapana franga, hapana kamari. Hata mitume balipiga kura. Tupa!"

Nikatupa. Moja. Akaniruhusu nirudie. Moja. Nikaigeuza nikaona balaa: dole gumba la Chefu limebonyeza upande wa ishirini ukawa bapa kama chapati, dadu inaulalia kila mara, na moja inabaki juu.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili Mzee ananipa nafasi ya kutupa. Nikisema dadu imeharibika, mimi ni fundi wa vitu vibovu, nikinyamaza, nitazeeka bila mke.

"Tengeneza ingine yenye kufanana," Masika ameninong'oneza. "Ya kwanza nitaificha miye."

Nimeshaimimina. Inakauka karibu na jiko, na naapa haitagusa mfuko wangu mpaka iwe ngumu kama moyo wa Mzee Kasereka.