Mwiko Nilioutunga

Mtu akitaka kukwepa karanga Tabora, ahamie mwezini. Huku zimo kwenye kisamvu, zimo kwenye mlenda, zimo kwenye uji wa asubuhi, na hapa Kanyenye ninapoishi nadhani zimo hata kwenye vumbi. Binti yangu alikuwa hajafika miaka miwili tulipojua kuwa haziwezi. Wala mayai. Wala maziwa ya ng'ombe. Daktari alivitaja kimoja kimoja, nami nikaona vidole vya mkono vinakwisha na mtoto bado hajala.

Kwanza nilijaribu elimu. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, na nina D ya Baiolojia ambayo huwa naitaja kama wengine wanavyotaja udaktari. Mimi ni kinyozi, hivyo wanafunzi sikukosa. Niliwaeleza wateja kwamba mwili una askari wake, na askari wa mwanangu wakiona karanga moja wanadhani nchi imevamiwa, wanafyatua risasi hadi kwenye midomo ya mwenyewe. Wateja walicheka mpaka nikashindwa kunyoosha mstari wa paji la uso.

"Aleji ni ugonjwa wa kwenye televisheni," mmoja akaniambia. "Mpe kidogo kidogo, fundi. Atazoea."

Wiki hiyohiyo jirani alimpa kipande cha keki kwa huruma, jioni macho ya mtoto yakawa mistari miwili tu.

Ndipo nikatunga mwiko. Huku kwetu, awe Mwislamu wa mjini au Mmoravian wa kijijini, kila mtu anaufahamu ukoo fulani usiokula kitu fulani, na hakuna anayebishana nao. Nikatangaza kwamba kwetu binti wa kwanza hali karanga, mayai wala maziwa mpaka avunje ungo. Na kwa kuwa mimi siwezi kuacha kitu kikiwa kidogo, nikaongeza babu aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani, simba wakamshindwa, mto ukamshindwa, kisha akafa kwa yai moja la kuchemsha. Mtaa ukanyamaza. Wanawake walioicheka Baiolojia yangu wakawa walinzi: "We, usimpe huyo! Kwao wana mwiko!"

Alibaki mtu mmoja wa kuniumbua, naye ni shangazi yangu wa Tura. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na shangazi ndiye aliyenilea. Nikapanda treni kumfuata.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekonda, au nguo zimekua?"

Nikamweleza yote: ugonjwa, kicheko cha watu, mwiko. Alicheka hadi khanga ikamwanguka.

"Ukoo upi huo? Sisi tumekula hadi nzige!"

"Ni uongo, shangazi. Lakini wakikuuliza, nisitiri."

"Nilikusitiri ulivyokuwa unakojoa kitandani hadi darasa la nne. Mwiko utanishinda?"

Haukumshinda. Kila alipokuja mjini aliutetea, na yule babu akamwongezea wake wawili. Nilijiona mwanamume anayependwa kuliko wote kati ya Tura na Kigoma.

Mwaka jana mke wangu alisafiri kwenda msibani kwao. Shangazi akaja kukaa nasi. Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nimemnyoa mteja nusu kichwa nilipomwona mwanangu anatoka uani anajikuna shingo. Midomo ilikuwa imeumuka. Alipotaka kuniita, sauti ikatoka kama ya jogoo mgonjwa. Shangazi alikuwa nyuma yake.

"Amekula nini?"

"Hajala kitu kibaya."

Nilimrukia dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya kwanza niliyoiona. Shangazi akadandia nyuma, sote wanne tukaelekea hospitali ya Kitete, mtoto akipumua mluzi kifuani kwangu. Hapo ndipo nilipogundua kuwa ninajua kunyamaza.

Muuguzi akauliza ninavyouliza siku zote: amekula nini?

"Ugali na mlenda," shangazi akasema.

"Mlenda una nini?"

Akatazama sakafu. "Karanga. Kijiko tu. Na jana kidogo. Juzi kidogo kuliko jana."

Wakamchoma sindano. Baada ya muda ule mluzi ukapungua, nami nikahesabu pumzi hadi nikapoteza hesabu. Wakatuambia tubaki wamwangalie. Tukakaa kwenye benchi, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu.

"Shangazi, nilikuomba."

"Uliniambia ni uongo, baba. Kwa mdomo wako. Ulipanda treni kuja kuniambia ni uongo."

"Mwiko ndio uongo. Ugonjwa ni kweli!"

"Nitajuaje? Wewe yakidondoka matone matatu, unasema daraja limesombwa. Ukijikata kucha, umekatwa mguu. Nimekulea, nakujua. Nikasema huyu anamdhoofisha mtoto kwa maneno yake."

Lilikuwa pigo halali, sikatai. Nilikuwa karibu kumsamehe palepale, kwa kuwa mwenye makosa nilijiona mimi. Ndipo mtoto akafumbua macho, akamwona, akanigeukia kwa ile sauti ya kukwaruza.

"Bibi alisema tusimwambie Baba."

Nikamtazama shangazi. Kumbe ndiyo sababu zile siku mbili za kwanza nilipoingia kula nilimkuta mtoto ameshanawishwa, mdomo unang'aa, nami nikamshukuru kwa usafi.

"Kama ulijua ni uongo," nikasema, "ulikuwa unamfuta mdomo kwa nini?"

Alifunga khanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

Bado anakuja. Ni shangazi, nitamfukuzia wapi? Wateja wakiniuliza habari zake nasema ni mzima, na hapo siongezi chumvi. Mwezi uliopita alikuja na machungwa. Akamenya moja taratibu, akalipasua, akamnyooshea binti yangu kipande. Chungwa tu, analila kila siku. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, kisha akanitazama.

"Baba, hiki naruhusiwa?"

Shangazi alikuwa ananitazama pia, mkono wake bado uko hewani.

"Ngoja," nikamwambia mwanangu, nikakichukua, nikakiosha.