Binti yangu alilegeza mkanda wa kiti ili apige magoti kumsalimia shangazi

Wakuu, hodi humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa tayari na watoto wawili na upara umeshaanza kazi yake. Wanaonijua wanajua chumvi huwa naweka kwa koleo. Lakini kwenye habari ya mtoto na mlango siongezi hata punje.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Kyerwa bado ilikuwa Karagwe, na Rubwera hii ya maofisi ilikuwa migomba, kiduka kimoja, na shule alikopangiwa mke wangu kufundisha. Mimi na watoto tulibaki Nyakakika kwenye kibanja, shamba la migomba la marehemu baba. Kila Ijumaa mchana napakia watoto, tunakwenda kwa mama yao.

Usafiri ulikuwa Landrover. Niliachiwa na bwana mmoja daktari wa mifugo kutoka ng'ambo, nilikuwa dereva wake. Gari lenyewe nadhani Nuhu alilikataa kwenye safina kwa uzee. Likipiga resi, kuku wa upande wa pili wa mto Kagera wanakimbilia ndani.

Lilikuwa na ugonjwa mmoja. Mlango wa nyuma kulia ulikuwa unajifungulia wenyewe kwenye kona. Siku moja ulifunguka, debe zima la maharage likatoka na kubingirika mpaka bondeni. Nilicheka. Halafu nikamwangalia Koku, binti yangu wa miaka mitano, alikuwa amekaa sentimita chache kutoka pale lilipokuwa debe.

Kicheko kikakauka mdomoni.

Yule daktari alikuwa ameacha pia viti viwili vya watoto, vile vya mikanda miwili ya mabegani inayokutana kifuani. Mke wangu alikuwa anavitumia kuanikia kahawa. Nikavipeleka kwa fundi Ndama, akavikaza ubavu kwa ubavu kwa bolti kama anafunga daraja. Mlango nao aliupiga nyundo akasema umepona. Nikamwamini. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Sasa shida: mimi niko kwenye usukani, watoto wako nyuma. Siwezi kuendesha huku nimegeuka kama bundi. Ikabidi wajifunze kujifunga wenyewe.

Tulifanya mazoezi uani kila jioni. Mikono ndani. Ingiza chuma mpaka kilie "ta!" Halafu vuta ule utepe wa chini, vuta tena, mpaka kifua kiseme basi. Mwisho jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukikunjika, bado umelegea.

Koku alielewa kwa siku mbili. Mdogo wake Mugisha, miaka mitatu na nusu, alichukua mwezi. Alikuwa anavuta mpaka ulimi unatoka, jasho kama anabeba gunia la kahawa. Siku moja nimemkuta amefunga jogoo. Kafungwa vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Kabla ya kuondoa gari nilikuwa nasikiliza "ta!" mbili. Halafu nauliza, "Tayari?" Wanajibu, "Tayari, Taata!" Ndipo naingiza gia. Na hata hapo moyo ulikuwa hautulii. Kila kona nilikuwa naangalia kioo mara mia nne.

Sasa wakuu, kwetu mnajua. Mtoto hamwamkii mkubwa akiwa amekaa. Hasa wa kike, anapiga magoti mpaka chini, anaitikiwa, ndipo anainuka. Na hapo njia panda chini ya kwetu alikuwa anaishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Mama huyu alikuwa anaogopwa. Mbwa wakimwona walikuwa wanakaa sawa.

Ijumaa moja nikasimama kumsalimia. Watoto wakamwamkia dirishani, wamefungwa. Shangazi akaitikia nusu, akanigeukia.

"Wewe. Mjukuu wa kaka yangu ananiamkia amekaa kama hakimu?"

"Shangazi, ni mkanda, hawezi..."

"Mkanda ndio umemzaa?"

Nikanywea. Mtu mzima na cheti changu. Kufika mbele nikamgombeza Koku, tena kwa ukali. Nikamwambia usinitie aibu tena mbele ya shangazi. Sikumwambia afanyeje. Yeye atajua mwenyewe, mtoto wa miaka mitano.

Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo linaloniuma.

Ijumaa iliyofuata nikasimama tena njia panda. Mawingu yalikuwa yameshashuka, natazama mvua. Nikasikia, "Shikamoo bibi." Kuangalia kioo, Koku yuko juu ya kiti chake, amepiga magoti, kichwa chini, vizuri kabisa.

"Marahaba mjukuu wangu! Sasa huyu ndiye mtoto."

Mimi, badala ya kujiuliza amepigaje magoti, nikaona fahari. Nikavimba. Shangazi akatupatia chane ya ndizi mbivu, nikauliza "Tayari?", wakaitika "Tayari!", nikaondoka haraka kuwahi mvua.

Sikusikiliza "ta!" Na hata ningesikiliza, isingenisaidia: Koku hakuwa amefungua kile chuma. Alikuwa amelegeza utepe wa chini, akatoa mabega, akapiga magoti. Alivyokaa tena alirudisha mkono mmoja tu.

Mteremko ule una kona tatu. Ya kwanza tukapita. Ya pili tukapita. Mvua ikaanza, udongo ukawa sabuni. Ya tatu gari likateleza kidogo, nikasikia upepo.

Siyo kelele. Upepo. Ule wa siku ya maharage.

Nikaangalia kioo. Kiti cha kulia sioni mtu.

Wakuu, breki ile sijui niliipiga kwa mguu gani. Sikumbuki kushuka. Nakumbuka niko upande wa pili, tope mpaka magotini, na Koku ananing'inia nje nusu, miguu inagusa ngazi ya gari. Mkanda mmoja umemshika kwapani. Na gauni lake limeshikwa na ngumi mbili ndogo.

Mugisha. Alikuwa amefungwa mpaka kifua kimesema basi, kwa hiyo alikuwa na pa kujiegemeza. Halii, hasemi. Ameng'ata meno tu kama anavuta ule utepe.

Nilimkumbatia Koku kwenye mvua mpaka akasema, "Taata, unanibana."

Alikuwa na mchubuko kwapani. Basi. Mungu ni mkubwa.

"Nani alilegeza mkanda?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Ulisema nisikutie aibu."

Vitabu vyote vya masomo ya jioni, hakuna hata kimoja kilichonisaidia pale.

Sikuendelea na safari. Nilifunga ule mlango kwa kamba ya katani, nikageuza, nikarudi kwa shangazi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kona. Nikamweleza yote, na kwamba nimemgombeza mtoto kwa ajili yake. Nikamwambia, "Shangazi, kuanzia leo hatapiga magoti ndani ya gari. Kama ni kunilaani, nilaani mimi."

Akatoka nje mvuani bila mwavuli, akaenda mpaka kwenye gari. Akamwangalia Koku kwapani.

Halafu yule mama, ambaye hata padri alikuwa anasimama akimwona, akapiga magoti kwenye tope mlangoni.

"Nionyeshe unavyovuta."

Koku akamfundisha. Mikono ndani. Ta! Vuta, bibi, vuta tena. Shangazi akajaribu kuufinya mkanda kwa vidole vyake vya jembe. Haukukunjika.

"Haya," akasema. "Aliye ndani ya mkanda ameshapiga magoti."

Kesho yake mlango ulitiwa komeo la chuma kwa nje, kama la ghala. Na kila Ijumaa mpaka shangazi anafariki ilikuwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Mkanda kwanza." Anaingiza mkono dirishani, anafinya wa Koku, anafinya wa Mugisha. Ndipo, "Marahaba."

Nilichojifunza: ukimpa mtoto amri mbili zinazogongana, atatii ile aliyogombezewa mara ya mwisho. Sio kosa lake. Kaa naye, mwambie ipi inatangulia.

Koku sasa ana watoto wake. Wakiniamkia wakiwa ndani ya gari, mkono wangu unatangulia dirishani. Bado sijaacha.

Wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, nyie kwenu ilikuwaje, heshima na usalama vikigongana? Na mtakaosema hii ni chai, kweli habari ya Nuhu, ya kuku na ya mbwa nimeongeza. Nyingine zote ziko kama zilivyokuwa.