Maji ya Sare ya Mama

Tangu mifereji ya mtaa wetu wa Mbotela ikauke, tunatumia maji ya kisima kirefu kilichochimbwa nyuma ya kanisa. Ni maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, inaganda vipandevipande, na sufuria ya chai imeota ukoko mweupe usiobanduka hata kwa kijiko. Nguo nyeupe ukiifua kwa maji hayo, inageuka rangi ya jivu.

Mama alishindana nayo kwa ukaidi. Alikuwa katika kikundi cha akina mama kanisani, na sare yao ni gauni jeupe na kitambaa cheupe cha kichwa. Mvua ikinyesha alikinga beseni chini ya mabati, akajaza mtungi mmoja, akausukuma mvunguni. Maji yale yalikuwa ya sare tu. Hata mimi, na ndevu zangu hizi, sikuthubutu kuyagusa.

Alifariki Januari, kiangazi kikali. Nyumba ilijaa waombolezaji, nami nikaona haya kuwapa chai ya chumvi. Nikautoa ule mtungi, nikawapa wapishi. Chai ilisifiwa na kila mtu, na mimi mjinga nikafurahi.

Kesho yake shangazi aliniletea sare. Mama alikuwa ameivaa Jumapili yake ya mwisho, na ndiyo aliyotaka kuzikwa nayo. Kwetu nguo hiyo hufuliwa na mtoto wa marehemu, si mtu mwingine. Nilifua kwa maji ya kisima. Nilisuuza mara nne, na kila nikisuuza ilizidi kufifia. Duka la maji ya kunywa liko ng'ambo ya barabara. Sikulikumbuka hadi tulipokwisha kuzika.

Jeneza lilipofunuliwa kanisani, wenzake walipita kwa mstari wakiwa weupe pe. Rafiki yake wa miaka mingi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, kwani mama alikuwa ameacha kujitunza?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa amechoka."

Nilimsingizia mama akiwa amelala mbele yangu. Sasa namwogopa kuliko alipokuwa hai. Nikianika nguo mchana kweupe, nahisi yuko nyuma yangu anazikagua. Na yule rafiki yake bado hunishika mkono kila Jumapili, akanihurumia, akasema maskini mama yako alichoka sana. Mimi huitikia.