Mgongo wa Mama Mkwe

Siku ile sikuwa na homa. Nilijipima mara mbili kwa kipimajoto cha zahanati, maana nilijua mtasema niliweweseka. Ilikuwa saa sita mchana, jua likiwaka juu ya Ziwa Mweru.

Ilikuwa miezi mitatu tu tangu nimalize chuo cha uganga na kupelekwa zahanati ya Nchelenge, kando ya ziwa hilo. Wagonjwa wangu wengi walikuwa akina mama wanaokausha samaki kwa moshi, na vifua viliwasumbua mwaka mzima. Tulifundishwa kugonga mgongo kwa vidole, kisha kusikiliza kwa stetoskopu, mbele na nyuma, mgonjwa akinong'ona neno. Pafu likiwa zima, neno hilo halisikiki vizuri. Pafu likiwa limejaa usaha, neno linakufikia wazi, kama mtu anakusemea sikioni.

Basi akaja mama yake Chola, msichana niliyemchumbia. Kwetu kuna bukwe, haya ya wakwe: mama mkwe humtazami hata usoni, sembuse mgongo wazi! Ningemwita Ba Mulenga, mhudumu mzee, ampime yeye. Lakini nikafikiri, atasema chuo hakikunifundisha kitu. Nikafikiri tena, je, mama akikasirika, uchumba si utavunjika? Nikafikiri mpaka na yeye akaanza kuona haya. Nikageuza uso ukutani, nikasikiliza mara moja tu, kifuani, juu ya kitenge.

"Ni moshi, mama. Bronkiti," nikasema, nikampa dawa ya kikohozi.

Alipotoka, Ba Mulenga akacheka. "Dokta, ulipima mama ao kitenge?"

Siku ya nne akafa. Matangani wakamshika mdogo wake, mjane, wakasema ndiye aliyemroga. Nilikuwepo. Nilijua ni pafu ambalo sikulisikiliza, si uchawi. Nikanyamaza.

Siku tatu baada ya maziko, saa sita ile ya mchana, mwanamke akaingia, akaketi kwenye benchi akinipa mgongo. Akateremsha kitenge mpaka kiunoni.

"Mama, ngoja kwanza..."

"Bukwe ilikufa pamoja na mimi," akasema. "Sikiliza."

Sauti ile niliijua. Niamini, mkono ulikwenda wenyewe. Nikagonga: mgongo ulijibu kama gogo. Nikaweka stetoskopu. Pumzi hakuna. Moyo hakuna. Kisha mnong'ono, wazi kabisa masikioni mwangu:

"Mudogo yangu hana kosa. Useme."

Ba Mulenga alinikuta nimepiga magoti, stetoskopu nimeibana kwenye ubao. "Kumbe sasa benchi nayo inakohoa?" akauliza. Halafu akanusa, akaacha kucheka. Chumba kizima kilinuka moshi wa samaki.

Je, nilisema? Nilijiambia nitasema kesho, nikishapanga maneno. Asubuhi yake walimpandisha mjane kwenye mtumbwi, wakamfukuza. Alikoishia hakuna anayejua.

Chola ni mke wangu sasa. Haya niliyoyaandika atayajua akisomewa. Na kila mgongo ninaousikiliza, kabla ya pumzi ya mgonjwa, nasikia kwanza: "Useme."

Wewe mwenye kikohozi, usikubali kuondoka kabla mgongo wako haujasikilizwa. Na wewe unayejua neno la kumwokoa mtu, usilipange. Liseme likiwa baya hivyo hivyo. Baada ya kufa, mama mkwe alikuja mara moja tu. Hakurudi hata kuniuliza kwa nini sikusema.