Msimamizi wa Bwawa Hakuoga Majini

Si kweli kwamba msimamizi wa bwawa alikuwa akioga katika maji ya kunywa ya mji mzima. Mjane wake alikwisha kulisikia neno hilo sokoni na kwenye foleni ya benki, akalimeza. Lakini mjukuu wake aliporudi kutoka matembezi ya shule bwawani akicheka, "Bibi, eti babu alikuwa anawaogea watu maji yao?", damu ilimchemka. Akavaa viatu vyake vya heshima, akaenda huko huko bwawani.

Visima vya mji ule wa pwani vilikuwa vya chumvi tupu. Bwawa ndilo lililowanywesha wote. Bomba la milimani lilipofika, bwawa likageuzwa la starehe. Pale ambapo marehemu hakuruhusu mtu hata kunawa mikono, sasa palikuwa na vimashua vya pedeli na muziki wa kupasua masikio.

Akakata tiketi, akaketi katika mashua ya injini kama abiria wengine.

"Na hapa," nahodha akatangaza, "msimamizi wa zamani, Bwana Usiguse, alitufukuza kwa fimbo, halafu alfajiri anajitosa mwenyewe! Tunakunywa, kumbe mchuzi wa mzee!"

Abiria wakaangua kicheko.

"Wewe, zima hiyo injini. Mimi ndiye mkewe."

Kicheko kikakatika.

"Shikamoo, Bibi. Ni utani tu jamani."

"Utani na nani? Majani yalipoziba wavu wa bomba la kupeleka maji mjini, nani aliingia kuyatoa? Mama yako? Alianza kuoga nyumbani kwa sabuni, akajisugua hadi kucha, akavaa nguo nyeupe nilizozichemsha mimi, zisizovaliwa kwa kazi nyingine yoyote. Ndipo akaingia. Mliyemwona alfajiri ni mtu aliyekuwa akiwatolea uchafu midomoni. Na kifua kilichomuua alikipata humu humu."

Nahodha akapiga paja.

"Bibi, mbona hiyo ni tamu kuliko yangu! Njoo Jumamosi uwasimulie wageni. Tutakuwekea kiti na mwavuli. Hizo nguo bado unazo?"

Mjane alimkazia macho mpaka mkono ukamtoka pajani.

"Mume wangu si bembea yenu. Ukimtaja tena, taja wavu na majani, au ufumbe mdomo. Nimemaliza."

"Kidogo tu, Bibi, ile fimbo—"

"Nimesema nimemaliza. Nirudishe nchi kavu."