Jicho la Hamisi na Jicho la Zawadi

Nakumbuka siku moja ya baridi kali, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokuwa kijana nikiishi Brooklyn Center, huko Marekani, na rafiki yangu Hamisi, dereva wa basi. Asubuhi hiyo alikuwa akipangusa theluji kwenye gari, akateleza, akaangukia bampa kwa uso. Mfupa mwembamba unaolibeba jicho kwa chini ukavunjika. Uso ukavimba hata jicho likajifumba lenyewe.

Desturi yetu unaijua, mwanangu. Kufika jioni, viatu vya Watanzania wenzetu vilikuwa vimefurika mlangoni.

"Sema kweli, Hamisi, nani kakupiga?"

"Barafu, jamani. Ya huku haina adabu, hata hodi haipigi."

Kicheko kilikatika waliposikia kwamba amerudishwa nyumbani bila kupasuliwa. Daktari wa upasuaji, mama mmoja asiye na haraka, alikuwa amemfunua kope taratibu na kumwambia afuate kidole kwa jicho, juu na chini, huku na huku. Alipotazama na picha ya mifupa akasema msuli wa jicho haujanaswa. Wangoje uvimbe upungue ndipo waone jicho limekaaje, ila wasipitishe wiki mbili hivi, maana kovu likishashika kazi huwa ngumu. Akamkataza pia kupenga kamasi, hewa isije ikapenya kwenye ufa.

"Angekuwa mwenyeji wangempasua leo," alisema Mama Zawadi, jirani yetu.

Hamisi alingoja. Uvimbe uliposhuka, mstari mmoja wa barabara bado aliuona miwili, na dereva wa namna hiyo hapewi usukani. Basi akapasuliwa, ufa ukazibwa, na baada ya miezi kadhaa akarudi kwenye basi lake. Habari zikaenea. Tangu hapo kila mwenzetu aliyeumia uso alipewa ushauri mmoja: ngoja, kama Hamisi.

Majira ya kuchipua, Zawadi, binti wa miaka kumi, alipigwa kiwiko karibu na jicho akicheza mpira wa kikapu. Mama yake alimpitisha kwetu wakitoka shuleni. Jicho lilikuwa jeupe, uvimbe hauonekani. Ila mtoto alikuwa akitapika.

"Tumbo tu," alisema Mama Zawadi. "Na jicho nalo tutalingoja, kama ulivyofanya wewe, Hamisi."

Hamisi aliweka chini kikombe cha chai, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Zawadi, usiinue kichwa. Angalia dari kwa macho tu."

Jicho moja likapanda. La pili likabaki palepale. Zawadi akaanza kulia, akasema kwa Kiingereza kwamba taa ni mbili, na kwamba kutazama juu kunauma.

"Mama Zawadi, vaa koti."

"Si wewe uliyengoja?"

"Nilingoja baada ya kukaguliwa, dada. Huyu nani kamkagua?"

Hospitalini tulimkuta daktari yuleyule. Alitueleza kwamba mfupa wa mtoto bado una mnepo. Hupasuka, kisha hurudi na kuubana msuli kama mlango unavyobana kidole, na msuli uliobanwa hukosa damu ukafa. Kutapika kulitokana na msuli huo uliobanwa, wala si tumbo. Zawadi alipasuliwa siku hiyohiyo. Polepole macho yake yakarudi kupanda pamoja.

Nimesoma mengi juu ya mifupa ya uso tangu wakati ule, kwa kupenda tu, na bado namstaajabia Hamisi. Wengi wetu dawa iliyotuponya humpa kila mtu. Yeye alikumbuka pia kwa nini alipewa.

Basi, mwanangu, ukiumia usoni nenda ukakaguliwe siku hiyohiyo, hata kama jicho linaonekana zima. Aliyekukagua akisema ngoja, ngoja kwa utulivu, na urudi siku uliyopangiwa. Lakini jicho likigoma kupanda, au mtoto akitapika baada ya kugongwa usoni, usikae kunywa chai ukihesabu waliopona kwa kungoja.

Mungu akulindie macho yako mawili yaone kitu kimoja. Na siku utakapoumia, akujalie mtu wa kupiga magoti mbele yako akwambie uangalie dari.